Ushindi wa Wajina

Swali lililoninyima usingizi mwezi ule lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona haya kumwambia mtu yeyote: ukimpunguzia marehemu ushindi mmoja kati ya mwingi aliopata, umemwibia au umemtua mzigo? Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikarudi nyumbani nje kidogo ya mji wa Nyeri, na tangu hapo sikuwa na kazi nyingine ila kutuma maombi ya kazi na kufikiri. Maombi hayakujibiwa. Kufikiri nako hakukuwa na mwisho.

Marehemu mwenyewe ni guka, baba yake baba. Alikuwa askari jela, enzi zile ambapo mkimbiaji aliajiriwa miguu kwanza, mengine baadaye. Mimi nilimkuta akiwa mzee wa kahawa na ng'ombe wawili, lakini hata hivyo tulipopita naye sokoni watu walisimama. Kina mama waliacha kupima viazi. Vijana wa bodaboda, ambao hawajawahi kumwona akikimbia, walimpigia honi na kumwita Bingwa. Miji yetu hii ya mlimani inawakumbuka wakimbiaji wake kwa namna yake. Haiwajengei sanamu. Inawataja. Mtoto akitumwa dukani akachelewa ataulizwa kama hajui yeye ni wa kijiji cha nani. Mwalimu wa michezo akitaka kuwaaibisha wavivu anataja wale waliofika ng'ambo kwa miguu hii hii iliyolelewa kwa githeri, mahindi na maharagwe tu. Hivyo mtu anaweza kuacha kukimbia, akazeeka, akafa, na bado anakimbia midomoni mwa watu, na kila mwaka anaongeza kasi kidogo.

Mimi nina jina lake. Huku kwetu jina halichaguliwi. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, wa pili la baba ya mama yake, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Majina ni machache na yanazunguka tu. Darasani kwetu tulikuwa wengi wenye jina langu, na mwalimu alitutofautisha kwa kutaja tulikotoka. Na mwenye jina si mtu mpya. Ni yule yule amerudi. Ndiyo maana baba mdogo, mwenye mvi na duka la vifaa vya ujenzi kule Kenol, ananiita baba, hata anaponigombeza. Cucu, mjane wa guka, ananiita mume wangu, na hulalamika mbele ya wageni kwamba mume wake amerudi akiwa mwembamba na hajui kukama.

Mwaka huo baba mdogo aliamua tufanye mbio za kumkumbuka guka. Zingeanzia sokoni na kuishia uwanja wa shule ya msingi, baada ya hapo kungekuwa na maombi, chakula na historia ya mwenyewe. Kamati iliundwa, yeye akiwa mwenyekiti, na kwa kuwa mimi nina digrii na sina shughuli, kazi mbili zikaniangukia: kuisoma historia hiyo kwa maikrofoni, na kuwatafuta wakimbiaji wa rika la guka waliobaki ili waje wakae mbele. Fulana zilikuwa zimeshachapishwa. Kifuani kulikuwa na jina lake, jina langu, na mgongoni mbio nne kuu alizoshinda. Ya nne, iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zile nyingine, ilikuwa ile ya mita elfu kumi Nairobi. Ndiyo iliyotangazwa redioni. Ndiyo ambayo kijiji kiliichinjia mbuzi. Nimeimbiwa wimbo wake tangu nikiwa mgongoni mwa mama.

Wengi niliowatafuta walikuwa wameshafariki. Mmoja alikuwa hai katika mji wa Kutus, na nilipopewa namba ya binti yake nilicheka, kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa na jina lile lile la guka. Nilikwenda siku ya soko nikiwa na fulana moja mkobani, zawadi.

Binti yake alikuwa na duka la nafaka karibu na kituo, na mzee huyo alikuwa akikaa barazani, kwenye kiti cha plastiki, miguu mirefu ameinyoosha hadi njiani hivi kwamba wapita njia walilazimika kuiruka. Walikuwepo pia wanaume wengine waliokuwa wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda, na kinyozi wa chumba cha pili, ambaye alikuwa hana mteja na alikuwa na maneno. Nilipojitambulisha, mzee aliukamata mkono wangu akaushika kwa muda mrefu. Aliniita wajina. Alitaka kujua kama cucu yu hai, kama bado tuna ile kahawa ya mteremkoni, kama guka aliumwa sana mwishoni. Nilijibu yote, kisha kwa fahari nikatoa fulana na kumpa.

Aliitazama kifuani, akatabasamu. Akaigeuza. Alikuwa akisoma polepole, kidole kikifuata mistari, na kilipofika mstari wa nne kikasimama.

Kinyozi naye alikuwa ameinamia bega lake. "Mzee, leo umeletewa ushahidi," alisema, kisha akawasomea wengine kwa sauti: Nairobi, mita elfu kumi, nambari moja. "Si hii ndio ile yako ya kila siku? Ama mtu alikuibia ukiwa umelala?"

"Soma tu," mzee akamjibu. "Uko na macho."

"Jina ni lako, hiyo hatukatai. Lakini hii tumbo si ya bingwa."

Wachezaji wa drafti walicheka. Mmoja aliuliza kama kuna fulana ya aliyeshika mkia, ndiyo impate mwenyewe. Nilielewa kutokana na kucheka kwao kwamba huu ni mzaha wa zamani, kwamba mzee huyu amekuwa akisema kwa miaka kwamba alishinda Nairobi, na Kutus imekuwa ikimcheka kwa miaka. Walikuwa hata na jina la kumtania. Walimwita Nairobi. Nairobi, songa kidogo tupite. Nairobi, chai yako inapoa. Naye alikuwa amelizoea, nadhani, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuthibitisha dai lake wala wa kulikanusha. Hadi nilipofika mimi, na jina lile, na maandishi.

Alinisindikiza hadi kando ya barabara. Fulana alikuwa ameikunja vizuri na kuishika kwapani. Nikaanza kuomba msamaha bila kujua ni wa nini, naye akaniwahi.

"Wajina, mimi sikuwa mkimbiaji mkubwa. Guka yako alishinda hizo zingine zote, na mimi nilikuwa nyuma naona mgongo wake. Lakini hiyo ya Nairobi ni yangu. Sina ingine."

Alinieleza yaliyobaki akitazama magari. Walikuwa wawili wenye jina moja katika mbio zile, wote kutoka Mkoa wa Kati. Raundi zikiwa zimebaki chache, guka, aliyekuwa mbele, alishika tumbo akatoka pembeni kwenye nyasi. Alipompita alimsikia akimwambia aende. Akaenda. Mtangazaji wa redio alitaja jina na mkoa, basi, na jioni hiyo vijiji viwili kila kimoja kilipiga vigelegele kwa ajili ya mtu wake. Kombe lilichukuliwa na timu yake, ilivyokuwa kawaida. Baadaye goti likamharibikia, akarudi kulima nyanya. Guka aliendelea kushinda, na kila aliyesimulia habari za guka, redioni au kanisani, aliitia na ile ya Nairobi humo humo. Ilikuwa na jina lake, kwa nini isiwe yake? Waliompokea mzee huyu kwa nyimbo siku ile walikufa mmoja mmoja. Kutus ikakua, ikajaa wafanyabiashara wa kutoka kila upande, watu wasiomjua yeyote isipokuwa yule maarufu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nabishana na kichwa changu. Labda mzee alidanganya. Watu wa makamo yake huchanganya mambo. Lakini mtu anayetaka kudanganya angejichukulia zaidi ya moja. Labda alikuwa akisema kweli, na basi ni nani aliyedanganya? Guka? Nilijaribu kukumbuka kama niliwahi kumsikia kwa kinywa chake akisema alishinda Nairobi. Nilikumbuka wimbo, nilikumbuka mbuzi, nilikumbuka watu wakimwambia, naye akitazama chini. Siku zote nilidhani ni upole. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshabadili mawazo mara nyingi kiasi cha kushindwa kula.

Baba mdogo nilimwambia kwanza, kwa simu, nikijaribu kulifanya jambo liwe la kitaalamu, kwamba kuna utata katika vyanzo. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akasema injili ziko nne na hazilingani kila mahali, na bado tunaamini. Akasema fulana zimechapishwa, askofu ameshakubali kuja. Na mwisho, kwa sauti ya chini ambayo iliniumiza zaidi, akasema, "Baba, ukijivunja jina mwenyewe, sisi watoto wako tutajiita nani?"

Nilimwendea cucu jikoni. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, na aliponiona alisema mume wake amekonda tena, kufikiria si chakula. Nilizunguka sana. Niliuliza habari za zamani, za redio, za barabara kabla ya lami. Yeye ndiye aliyechoka.

"Umetoka Kutus," alisema. "Sema tu."

Nikasema. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo, lakini mikono ilisimama. Kisha akanisimulia kama anayenielekeza njia. Guka alirudi siku ya tatu kwa lori, tumbo bado limevurugika, akakuta mbuzi ameshaliwa na wanawake wako langoni na wimbo umeshatungwa. Aliwaambia si yeye. Wakasema, muone alivyo mnyenyekevu. Aliwaambia tena kanisani, na mchungaji akaigeuza kuwa mahubiri juu ya kiburi. Kadiri alivyokataa ndivyo alivyopendwa. Akasema atakwenda Kutus kuzungumza na mwenzake waone namna ya kulinyoosha, na kila msimu kulikuwa na sababu ya kutokwenda. Mwishowe aliacha kukataa. Hakuwahi kukubali, alisema cucu, na alitaka nilisikie hilo vizuri. Aliacha tu kukataa.

Nikamuuliza, basi, kama naweza kuisema kweli siku ya mbio.

Alirudia kuchambua. Akaniambia alikuwa msichana wa kijiji kingine wakati huo, na aliusikia ule wimbo kwenye kuchuma chai. Ndio uliomfanya atake kumwona mwimbiwa. Alikuja kumwona. Alibaki. "Mimi najua ulikuwa uongo," alisema, "lakini ni uongo ulioniozesha. Ngoja nizikwe kwanza. Ukishanifukia, sema hata kwa redio."

Sasa nilikuwa na wazee wawili mikononi. Mmoja alinitaka nisubiri hadi afe. Mwingine, nikisubiri, angeweza kufa akiitwa Nairobi kwa dhihaka. Sijivunii nilivyoishi wiki zilizofuata. Nilijikuta napima afya zao, kikohozi cha cucu na goti la mzee wa Kutus, kama mtu aliyeketi jukwaani akingoja kuona nani atafika kwanza. Niliandika hotuba yenye mbio nne. Niliandika nyingine yenye tatu, nikatumaini hakuna atakayehesabu. Niliandika moja ambayo ilisema "miongoni mwa mbio zinazohusishwa na jina lake", na nilipoisoma kwa sauti nilijisikia kama wakili. Nilitembea hadi mjini na kurudi bila kununua kitu. Mlima ulikuwa umejificha siku zote hizo nyuma ya mawingu, na hata hilo nililifanya liwe na maana, ndivyo nilivyo, halafu nikajicheka.

Kilichonifikirisha zaidi ni kwamba guka hakuhitaji ile ya nne. Alikuwa na tatu ambazo hakuna mtu angeweza kumbishia. Kama ningeifuta, watoto wa kijiji wangeendelea kutajiwa jina lake wakichelewa kutoka dukani. Askofu angekuja. Hakuna ambacho kingeanguka. Lakini upande wa pili hakukuwa na kitu kingine kabisa. Ukitoa ile moja, yule mzee hakuwahi kukimbia.

Nilipiga simu Kutus kuhakikisha kama atakuja. Mzee alisema goti. Alisema niwasalimie wote, tena akanisifu kwa kupiga. Kisha binti yake aliichukua simu, nikamsikia akitoka nje nayo, sauti za duka zikibaki nyuma.

"Ulikuja na nia nzuri, najua," alisema. "Lakini mzee hakai barazani siku hizi. Anashinda nyumbani. Zamani walikuwa wanamcheka na yeye anacheka. Sasa hacheki, ati hata mwenye jina amekuja na maandishi ya kumkana."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Kumbe tulikuwa tumempeleka mahakamani, na mimi ndiye niliyebeba hukumu, nimeikunja vizuri mkobani. Na jambo jingine lilinijia, ambalo kwa namna fulani sikuwa nimeliona katika usiku wote ule wa kugeuka kitandani. Nilikuwa nimehangaika nini kitasemwa uwanjani Nyeri, mbele ya askofu na kamati. Lakini uwanjani Nyeri hakuna aliyekuwa akimwita mtu mwongo. Alikuwa akiitwa mwongo Kutus, kwenye baraza moja, na watu ninaowajua sura.

Jumamosi ya mbio iliwadia. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemwambia baba mdogo kwamba sitasoma. Sitapinga, sitasimama kubisha, lakini sauti yangu haitatamka ile ya nne kama ya guka, kwa hiyo atafute mwingine. Alinigombeza kwa muda mrefu, akaniita baba katika kila sentensi, na mwishowe akasema mwalimu mkuu ana sauti nzuri kuliko yangu hata hivyo. Cucu nilimwambia asubuhi. Nilimwambia hatasikia neno lolote uwanjani kutoka kwangu, na kwamba ninakwenda Kutus. Alikuwa anafungwa kitambaa kichwani na shangazi. Hakunikataza, wala hakunibariki. Aliuliza tu kama yule mzee bado ana nywele. Nikasema kidogo. Akasema zamani alikuwa nazo nyingi.

Watu wenye fulana walikuwa wakielekea sokoni, nami nikielekea upande wa pili, na kila aliyeniona alidhani nimesahau kitu. Mama mmoja alinishika mkono anigeuze. Hata matatu ilipofika Karatina nilikuwa bado nawaza kushuka na kurudi.

Mzee nilimkuta nyumbani kwake akirekebisha banda la kuku. Nilimwomba tutembee hadi dukani. Akasema goti. Nikasema tutakwenda polepole. Alinitazama kwa muda, kisha akaenda kubadilisha shati.

Barazani walikuwa wale wale. Kinyozi alikuwa na mteja, nusu ya kichwa, lakini alipotuona alitoka nje na mashine mkononi. "Nairobi amerudi," alisema. "Na mleta ushahidi wake."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yalikuwa mengi, yenye utangulizi. Yote yaliniponyoka, na kilichobaki ni kile ambacho mtu yeyote wa huku kwetu angekielewa bila digrii. Niliwatajia jina langu. Niliwatajia nimezaliwa na nani, mtoto wa ngapi, na kwa hiyo mimi ni nani. Wazee wa drafti waliacha vifuniko vyao na kunitazama kwa namna nyingine, kwa sababu sasa hawakuwa wanaongea na kijana.

"Mimi ndiye mnamsema kila siku," nikasema. "Nilikuwa mbele, tumbo likanishika, nikatoka nje nikakaa kwa nyasi. Huyu wajina wangu akapita. Alishinda yeye. Nilikuwa nakuja kuwaambia, nikachelewa."

 Mteja wa kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na shuka shingoni. Mzee alikuwa nyuma yangu na sikuthubutu kumtazama. Kinyozi alinipima kuanzia viatu hadi kichwa, akihesabu ukoo nadhani, akitafuta mahali pa kukamata, na nikaona kwamba hakupata.

"Sasa wewe ulikuwa nambari ngapi?" aliuliza.

"Sikumaliza."

Wakacheka, na safari hii walinicheka mimi. Aliyecheka zaidi alikuwa mzee. Alicheka hadi akashika goti, akavuta kiti cha binti yake kutoka dukani, akakiweka kando ya chake ili nipate pa kukaa, akaniamuru niketi.